Kozi ya utunzaji wa miti: wiki ya kwanza hatukugusa msumeno kabisa

Naulizwa sana kuhusu hii kozi ya kutunza miti niliyomaliza, kila mtu ananifuata kivyake, sasa naandika hapa mara moja ili anayetaka kusoma ajue anachoingia kabla hajatoa hela. Jina la chuo silitaji maana kuna vitu nitavilaumu na sijaja kumharibia mtu kazi yake. Ila vyenyewe ni vitu vya kuangalia kwenye kozi yoyote ya namna hii, popote ulipo.

Kwanza mjue nilikotoka. Miaka sita nilikuwa nakata miti kama kibarua, nilianza na panga na msumeno wa mkono baadae nikapata chenso, yaani msumeno wa injini, na kupanda napanda na kamba ya kawaida ya kufungia mizigo. Mtu anakuita anasema huu mti umekuwa mrefu naogopa utaniangukia, unapanda unakata kichwa chote unaacha vigutu, unalipwa unaondoka. Hakuna aliyewahi kuniambia hapo umekosea. Kwa hiyo naingia kozi nikijua nakuja kuongezewa tu mambo ya kamba na cheti, basi.

Wiki ya kwanza nzima chenso zilikuwa zimefungiwa stoo. Siku ya kwanza mwalimu katupeleka chini ya mti mmoja mkubwa, kila mtu karatasi na kalamu, akasema mna saa moja, andikeni mnachokiona. Mi nikaandika mistari minne. Dada mmoja tuliyekuwa naye, alikuwa anafanya kazi kwenye kitalu cha miche, aliandika kurasa mbili. Aliona shina linaingia ardhini limenyooka kama nguzo badala ya kutanuka pale chini, maana yake mtu alishajaza udongo juu ya shingo ya mizizi. Aliona uyoga mgumu umeota upande mmoja karibu na ardhi. Aliona kwenye panda ya juu matawi mawili makubwa yamebanana na gome limemezwa katikati yao, na panda ya namna hiyo haijashikana vizuri kwa ndani, upepo ukija ndo inapasuka hapo. Mti ule ule, nimesimama nao saa nzima na miaka yangu sita, sikuona ata kimoja. Nilinyamaza siku ile mpaka jioni.

Hapo ndo nilipoanza kuipenda hii kozi, na kama ningeambiwa nitoe maksi kwa kitu kimoja tu basi ningetoa kwa hili, kwamba walitufundisha kuuangalia mti kabla ya kuufanya chochote.

Somo la pili lililonibadilisha ni jinsi mti unavyojitetea ukiumia. Kulikuwa na mtafiti wa Idara ya Misitu ya Marekani aliitwa Alex Shigo, alikuwa anapasua miti kwa chenso kwa urefu wake, maelfu ya miti, aone kuoza kunatembea vipi ndani. Ile nadharia yake ilitoka 1977 na inaitwa CODIT. Inasema hivi, mti hauponi kama ngozi yetu inavyopona, zile chembe zilizoumia hazirudi tena, mti unachofanya ni kulizungushia kuta eneo lililoumia ili uozo usisambae. Kuta nne. Ya kwanza inazuia uozo usipande na kushuka, na hiyo ndo dhaifu kuliko zote, ndo maana jeraha moja unakuta limeoza mita nzima kwenda juu na chini. Ya pili inazuia kuingia ndani zaidi, ya tatu inazuia kwenda pembeni, na ya nne ndo yenye nguvu, ni mbao mpya inayoota baada ya kidonda na kutenga kilichokuwepo na kitakachokuja. Ndo maana unaona mti uko wazi katikati kama pipa na bado una majani mabichi. Mwalimu alituletea vipande vya magogo vilivyopasuliwa tukaziona hizo kuta kwa macho, mstari mweusi kabisa, ng'ambo hii kumeoza, ng'ambo hii mbao safi. Kwenye picha ya projekta usingeelewa hivyo ata kidogo.

Ukishaelewa hapo kupogoa kunakuwa kitu kingine. Pale tawi linapotoka kwenye shina kuna uvimbe unalizunguka, wanauita kola ya tawi, ile ni mali ya shina na ndani yake ndo kuna kinga. Ukikata ukaila kola, yaani unakata ukilalia shina kabisa ili papendeze, umeufungulia uozo mlango wa shina. Ukiacha kigutu kirefu nacho kinakufa na kinaoza kuelekea ndani, na mti hauwezi kupafunga. Unakata nje kidogo tu ya kola. Na tawi zito ni mikato mitatu, wa kwanza unatoka chini mbali kidogo na shina na hauendi mpaka mwisho, wa pili unatoka juu mbele kidogo ya ule wa kwanza tawi linaanguka bila kuchana gome, wa tatu ndo unasafisha kile kigutu. Mikato mitatu hiyo nilirudia sijui mara ngapi mpaka mkono ukazoea. Kupaka rangi au lami juu ya kidonda wakasema acheni, haizuii kuoza na mara nyingine inafungia unyevu ndani. Nilikuwa napaka miaka yote ile nikiamini namsaidia mteja.

Na kukata kichwa, ile kazi yangu kubwa, walitumia nusu siku nzima kueleza kwa nini haifai. Majani ndo jiko la mti, ukiyaondoa yote kwa mpigo mti unachomoa machipukizi mengi kwa haraka kwa kutumia akiba yake, na yale machipukizi yameshikia juu juu tu kwenye gome, yakishanenepa yanakuwa matawi mazito kwenye mbao inayooza. Kwa hiyo yule mtu aliyeogopa kuangukiwa nimemwachia mti wa hatari zaidi baada ya miaka michache. Tuliambiwa kwa mti uliokomaa usivuke robo ya majani kwa mwaka, na mti mzee au mgonjwa chini ya hapo sana.

Mizizi hawakuipa muda wa kutosha na hapa naanza kulaumu. Siku moja na nusu tu. Mizizi mingi inayokula na kunywa iko juu juu, kwenye nusu mita ya kwanza ya udongo hivi, na inatanuka mbali kupita kivuli cha majani, sasa anayejenga anapitisha katapila anaona mti uko kule mbali hauguswi, kumbe ameshaikata mizizi na ameshaugandamiza udongo. Tulipewa hesabu wanayotumia Uingereza kwenye mwongozo wao wa BS 5837 wa 2012, unapima kipenyo cha shina kwenye urefu wa mita moja na nusu unazidisha mara 12, hiyo ndo umbali wa kuweka uzio. Shina la sentimita 50 uzio unakaa mita 6 kuzunguka. Tulichukua kamba na vigingi vya mbao tukapima kwenye miti halisi na kila mtu alishtuka eneo lilivyo kubwa. Hili somo lilistahili wiki nzima maana ulinzi wa mti uko hapo zaidi kuliko juu. Matandazo nayo waliyataja kwa haraka, sentimita tano mpaka kumi, na yasiguse shina, basi tukahamia somo jingine.

Kupanda juu ya mti sasa. Hapa walimu walikuwa wazuri mno, wavumilivu, hawakumcheka mtu. Siku tatu za kwanza ni mafundo tu tumesimama chini, kisha kupanda kwenye urefu wa kimo cha mtu, unashuka, unapanda tena. Kamba inakaguliwa kila asubuhi kwa vidole, sentimita kwa sentimita, na hanesi, ile mikanda unayovaa mwilini ya kukushika, na karabina, zile pete za chuma za kuunganishia kamba, moja moja. Sheria ambayo walituimbia mpaka tunaota ni kwamba ukiwasha chenso juu ya mti uwe umefungwa sehemu mbili, kamba kuu na ule mkanda wa kukushikiza, kwa sababu ukikata kamba moja kwa bahati mbaya bado kuna kitu kinakushika. Na chenso haishikwi kwa mkono mmoja. Walituonyesha ile ncha ya juu ya bapa, yaani chuma kirefu ambacho mnyororo unazungukia, ikigusa kitu mnyororo ukiwa unazunguka msumeno unaruka kukurudia usoni, kwa kasi ambayo huwezi kuikwepa. Mi nilishawahi kurukiwa hivyo nikiwa kibarua, ilipita karibu na bega, sikujua ata kilichotokea ni nini, nimekuja kuelewa darasani.

Uokoaji ndo naupa nyota zote. Kila mmoja lazima amshushe mwenzake aliyejifanya amezimia juu, na mwalimu anashika saa. Mtu akining'inia kwenye hanesi hajisogezi damu inakwama miguuni na hali inaharibika upesi, hamuwezi kukaa chini mnasubiri watu wa zimamoto. Ndo maana kazini lazima awepo mtu wa pili anayejua kupanda na kifaa chake kiko tayari, amekivaa au kiko karibu. Fikiria mi nilikuwa napanda peke yangu na kijana wa kuokota matawi chini.

Malalamiko makubwa ni kushusha magogo kwa kamba, yaani pale huwezi kuangusha tu kwa sababu chini kuna paa au ukuta. Siku mbili! Gogo bichi la kipenyo cha sentimita 50 na urefu wa mita moja linakaribia kilo 200, na likianguka kidogo kabla kamba haijakaza nguvu inayokuja kwenye kamba na kwenye shina ulilopanda inakuwa mara kadhaa ya huo uzito. Tulipiga hesabu darasani vizuri kabisa alafu kwa vitendo kila mtu akashusha vipande viwili vidogo, basi. Mtu akitoka hapo akajiona anaweza kazi hiyo atajiua au ataua mtu. Niliwaambia kwenye fomu ya maoni na naandika tena hapa.

La pili ni vifaa, hanesi zilikuwa chache kuliko wanafunzi kwa hiyo kuna siku unakaa chini masaa unaangalia wenzio. La tatu ni vyeti. Mpaka wiki ya mwisho wengi tulidhani cheti cha chuo ndo kile kinachotambulika dunia nzima. Sio. Ile jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa miti, ISA, iliyoanza 1924, ina mtihani wake tofauti, na ili ukubaliwe kufanya unatakiwa uwe na uzoefu wa miaka mitatu ya kazi au elimu inayofidia sehemu yake, na ukishapata unatakiwa kuonyesha umeendelea kujifunza, inahuishwa kila baada ya miaka mitatu. Hilo lilitakiwa kusemwa siku ya kujiandikisha. Kijana mmoja aliacha kazi yake akifikiri anatoka na hicho cheti, na nilimuonea huruma sana.

Somo la magonjwa lilikuwa fupi lakini lina uzito. Tuliambiwa habari za yule mdudu wa kijani anayemaliza aina ya miti inayoitwa ash, aligunduliwa Michigan mwaka 2002 na ameua makumi ya mamilioni ya miti Amerika Kaskazini, viwavi wake wanakula chini ya gome mpaka mti unakosa chakula, na amesafiri sana kwa kuni zilizobebwa na watu kwenye magari. Sasa nani anabeba magogo kila siku kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine kama sio sisi. Tangu hapo msumeno nausafisha kwa spiriti nikitoka kwenye mti mgonjwa na magogo yake hayatoki na mimi.

Mwenye kutaka kujiunga mahali popote, nenda uwaulize saa ngapi za vitendo, wanafunzi wangapi kwa hanesi moja, uokoaji mnafanya mara ngapi, na walimu wenyewe bado wanapanda au waliacha zamani. Ulizia na cheti kinatambulika na nani, wakupe kwa maandishi. Wakikupa chenso siku ya kwanza mi nisingebaki hapo.

Mimi narudi kwa siku mbili za kurudia uokoaji, nalipa tena, na nimeshawaomba waniongeze na siku za kushusha magogo, wamesema watapanga.