Google Sites kwa sisi wapika keki wa nyumbani: ya bure, haina mbwembwe, na mi nimeikubali

Naanza na jibu kabisa kwa wale wenye haraka: kama unapika keki za oda nyumbani na unataka websaiti, Google Sites (huduma ya Google ya kujitengenezea websaiti mwenyewe) inatosha, hailipiwi, na vitu vingi ambavyo mafundi wa websaiti wanakuuzia huna kazi navyo. Ila inatosha kwa masharti, ndo maana nimeandika kirefu.

Mi napika Tabata hapa Dar, keki za bethidei, kichen pati, sendofu, na msimu wa komunio na kipaimara ukifika ndo usiseme. Kama wengi wenu biashara yote ilikuwa Instagram na stetasi za WhatsApp. Instagram sina ugomvi nayo maana ndo inaniletea watu, shida ni kwamba mteja akifika kwenye peji anakuta picha kibao hajui ipi ni kilo moja ipi ni kilo tatu, bei hamna, chini tumeandika "bei njoo inboksi", anakuja inboksi saa ambayo mikono yangu iko kwenye batakrimu, nikija kumjibu jioni ashaoda kwingine. Na maswali ni yale yale kila siku jamani. Kilo bei gani, mnaleta Kigamboni, naweza kupata ya kesho. Nilichokuwa nataka ni sehemu moja mtu anasoma majibu mwenyewe alafu akija WhatsApp anakuja na tarehe na kilo.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeshaona ya rafiki yangu naye wa keki, alimlipa fundi mmoja (simtaji) hela ya maana, akatengenezewa websaiti ina picha zinazozunguka zenyewe, maandishi yanaruka kutoka pembeni, na kapu la kununulia kama la maduka ya Ulaya. Ukifungua kwa simu yenye bando la kuungaunga inakaa inazunguka mpaka unakata tamaa. Alafu hilo kapu mwisho wa safari linaomba kadi ya benki, wakati mteja wa keki hapa mjini analipa kwa lipa namba, na kabla hajalipa anataka kwanza aongee na wewe akuoneshe picha aliyoitoa Pinterest akuulize "unaweza hii?" Keki ya oda haiuzwi kwa kapu. Hapo ndo nikaamua natafuta kitu chepesi.

Sasa Google Sites yenyewe. Unaingia kwa akaunti yako ile ile ya Gmail, unaandika sites.google.com, unachagua ukurasa mtupu au templeti (ukurasa uliopangwa tayari), unaburuta vitu unaweka unapotaka. Picha, maandishi, vitufe, ramani, video ya YouTube, fomu. Huandiki lugha za kompyuta (code) hata mstari mmoja. Ukimaliza unabonyeza Chapisha, na kabla ya hapo unaweza kuangalia itakavyoonekana kwenye simu, tableti na kompyuta. Angalia ya simu kwanza, hiyo ya kompyuta ni kwa ajili ya kujifurahisha tu, wateja wetu wako kwenye simu. Kitu kingine nimekipenda ni kwamba unaweza kumpa mtu mwingine ruhusa ya kuhariri, kama mdogo wako anayejua mambo haya, bila kumpa paswedi yako ya Gmail.

Watu wanailalamikia kwamba templeti na rangi ni chache. Mi naona hiyo ni sifa! Sisi watu wa keki tukiachiwa uhuru tunaweka pinki, dhahabu, glita na fonti za kujikunja mpaka jina la biashara halisomeki. Keki zako zenyewe zina rangi tayari, kwahiyo nyuma weka nyeupe au krimu, chagua rangi moja ya vitufe basi. Fonti isomeke na mama mtu mzima bila miwani, maana wanaolipia keki za sendofu ndo hao.

Kwenye mwonekano kazi kubwa ni picha, na hapo hakuna programu itakayokusaidia. Piga keki karibu na dirisha, asubuhi au jioni kidogo jua lisiwe kali, na zima taa ya ndani, ile ya njano inafanya batakrimu nyeupe ionekane kama ya juzi. Nyuma ya keki pasiwe na friji, ndoo wala kalenda, tundika shuka nyeupe au kadibodi. Piga kutoka usawa wa keki, usipige kutoka juu kama unapiga skani, isipokuwa keki ambayo maandishi yake yako juu. Na moja ikatwe, jamani, watu wanataka kuona ndani! Kipande chenye tabaka za chokoleti kinauza kuliko keki nzima yenye maua. Picha za simu siku hizi ni nzito, mi najitumia kwenye WhatsApp kwanza inapungua uzito ndo napandisha hiyo, ubora unapungua kidogo ila kwenye kioo cha simu hakuna anayeona.

Alafu picha za keki za watu wengine. Najua mnajijua. Ukiweka keki ya Pinterest kwenye websaiti yako mteja ataoda hiyo hiyo, na siku ya sherehe ndo utatafutana na watu. Bora keki sita zako za kweli kuliko arobaini za wenyewe.

Ukurasa wa kwanza mi nimeweka picha moja kubwa, chini yake mstari mmoja unaosema keki za oda, Tabata, Dar es Salaam, oda siku tatu kabla, alafu kitufe cha WhatsApp. Basi. Zile habari za "karibu kwenye websaiti yetu, sisi ni kampuni inayojali ubora" ziacheni, hakuna anayesoma. Ukishuka unakuta bei kwa kilo, kila ladha na picha yake: vanila, chokoleti, chungwa, ndimu, red velvet. Bei naandika "kuanzia" kwasababu mayai na siagi havitabiriki na mapambo ya fondanti yana bei yake, ila namba iwepo. Najua kuna mjadala hapa, wengine wanasema ukiweka bei washindani wanakuiga na wateja wanakimbia. Wa kukimbia atakimbia tu hata inboksi, tena baada ya kukuchosha nusu saa, na mshindani akitaka bei yako anajifanya mteja anaipata.

Kitufe cha WhatsApp ndo roho ya kila kitu kwahiyo nieleze vizuri. Kwenye kitufe unaweka linki inayoanza na wa.me alafu mkwaju (/) alafu namba yako, ila namba ianze na 255 bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mwanzo, wenzetu wa Kenya mnaweka 254. Ukitaka mteja akute ujumbe umeshaandikwa tayari unaongeza mwishoni ?text= alafu maneno, na pale pa nafasi unaweka %20. Mi wangu unasomeka habari, naomba keki ya kilo, ladha, tarehe, mahali pa kupeleka. Mteja anajaza tu. Jaribu kitufe kwa simu ya mtu mwingine kabla hujasambaza linki, tarakimu moja ikikosewa oda zako zinaenda kwa mtu asiyejua hata kupika ugali.

Fomu ya Google nayo inabandikwa humo humo na majibu yanaingia kwenye jedwali. Kwa wateja wa kawaida haina maana, hawajazi, wanakwenda WhatsApp moja kwa moja. Ila kwa keki za harusi na za ofisini inasaidia, hasa lile swali la maneno yatakayoandikwa juu ya keki. Mtu anajaza mwenyewe kwa mkono wake kama ni Christina au Kristina, ubishi unaisha hapo.

Ramani msibandike. Najua kuna kitufe chake na inapendeza, lakini hii ni nyumba yako, watoto wako humo, huhitaji kumuonesha kila mpita njia geti lako. Andika eneo tu, aliyelipia kianzio ndo unamtumia lokesheni.

Udhaifu upo. Kwanza kuihariri kwa simu ni mateso, inataka kompyuta, kama huna utaazima au uende steshenari. Pili anwani ya bure ni ndefu, sites.google.com/view alafu jina lako, haipendezi kwenye stika ya boksi. Tatu haina duka ndani yake, ukitaka mtu alipe palepale haitakufaa, japo nimeshasema kwanini mi sijali hilo. Na usitegemee kwamba ukishachapisha tu mtu akitafuta "keki Dar" kwenye Google utakuwa wa kwanza. Wateja wangu wengi bado wanatoka Instagram wanabonyeza linki ya kwenye bayo.

Wix nayo, huduma nyingine ya kutengeneza websaiti, nimeichezea. Ni nzuri zaidi kwa macho, templeti za keki na mikate zipo nyingi na unaweza kusogeza kitu popote. Ila ile ya bure inaweka tangazo la Wix juu ya websaiti yako, na anwani inakuwa na neno wixsite, kuunganisha jina lako mwenyewe au kupokea malipo mpaka ulipie kifurushi. Mwenye biashara iliyokua, ana wasaidizi na oda kila siku, alipie tu. Wa keki tatu nne kwa wiki hiyo hela anunue mikebe.

Wapo watakaosema katalogi (orodha ya bidhaa na bei) ya WhatsApp Business inatosha. Kwa anayeanza ni kweli, ni ya bure, inaingia mpaka bidhaa 500 na mteja haondoki kwenye WhatsApp. Mi bado ninayo. Lakini maelezo kama masharti ya kianzio, gharama za kupeleka kwa bodaboda au bajaji, na oda ikiahirishwa inakuwaje, kule hayana pa kukaa vizuri, na kwenye websaiti unayaandika siku moja unawatumia linki.

Tahadhari moja, vya bure havina mkataba na wewe. Wanaokumbuka, zamani ukisajili biashara Google walikuwa wanakupa websaiti ndogo ya bure, Machi 2024 wakazizima zote. Kwahiyo picha zako na bei zako zikae na sehemu nyingine.

Mwisho jina. Ukiona biashara imeshika, nunua domeini yako (anwani fupi yenye jina lako mwenyewe) uiunganishe na Google Sites hiyo hiyo, inakubali. Za .tz (za Tanzania) unanunua kupitia mawakala wa domeini, na inalipiwa kila mwaka kwahiyo weka alamu kwenye simu. Chagua jina fupi ambalo mtu akilisikia kwa simu anaweza kuliandika, sio zile "kekiz" na "keyks". Na hata kama kuna fundi anakusaidia, jina lisajiliwe kwa jina lako, barua pepe yako na namba yako, sio zake. Yule rafiki yangu wa kapu la Ulaya mpaka leo anamtafuta fundi wake hapokei simu, na jina la biashara liko kwa fundi.