Manukato ya ubani yenye ubaridi wa theluji: yapi yanunuliwe kwanza

Anayetafuta manukato ya ubani yenye ubaridi na utulivu wa majira ya theluji aanze kwa kuchunguza utamu, kwa sababu vanila ikizidi huyapa joto, na hata yakipendeza hayatakuwa yale aliyoyatafuta. Ubani, yaani utomvu mkavu wa miti ya jamii ya Boswellia inayoota Oman, Yemeni na Pembe ya Afrika, mara nyingi huwa na alfa-pineni kwa wingi, kemikali ileile inayochangia harufu kali ya msonobari. Kwa hiyo ubaridi umo ndani ya ubani wenyewe, na kazi ya mtengenezaji ni kutoufunika.

Nafasi ya kwanza naipa Zagorsk ya Comme des Garçons, iliyotoka mwaka 2002 katika mfululizo wa manukato matano ya ubani. Jina lake ni la mji wa Urusi wenye monasteri mashuhuri, ambao tangu 1991 umerudia kuitwa Sergiyev Posad. Ubani wake umechanganywa na msonobari, mwerezi na urujuani kidogo, ukawa mkavu, mweupe na wa taratibu. Haumkimbilii mtu, bali humwacha apumue, na hapo ndipo utulivu wake ulipo.

Ya pili ni Passage d'Enfer ya L'Artisan Parfumeur, kazi ya Olivia Giacobetti ya mwaka 1999, ambamo ubani umekutanishwa na yungiyungi. Ni laini mno na hufifia mapema, lakini kwa anayechoshwa na harufu nzito huo si upungufu.

Avignon, ndugu yake Zagorsk, iliyotungwa na Bertrand Duchaufour, ndiyo yenye moshi wa kanisani hasa, na wengi wangeitanguliza. Mimi naiweka ya tatu kwa kuwa uzito wake huamrisha unyenyekevu kabla haujaleta utulivu. Fille en Aiguilles ya Serge Lutens, ya mwaka 2009, inafuata: msonobari wake ni wa kuvutia, ila matunda yenye sukari huondoa ubaridi.

Muuzaji akidai kwamba sayansi imethibitisha utulivu huo, ifahamike kuwa utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu insensoli asetati, kemikali iliyomo katika utomvu wa Boswellia, ulifanywa kwa panya, wala haukupima manukato ya chupani.

Kabla ya kununua chupa nzima, pata sampuli, ipake kwenye ngozi na usubiri saa kadhaa, kwani pineni huruka mapema na kinachobaki ndicho utakachoishi nacho. Ukiweza, ijaribu siku ya baridi, maana joto huharakisha kuruka huko. Chupa ikishanunuliwa ihifadhiwe mbali na mwanga na joto, kwa sababu pineni ikishikana na oksijeni hubadilika, na mabaki yake yanaweza kuwasha ngozi.