Miaka mitano na ripoti ya Jumatatu: maoni ya mtumiaji wa eIDSR

Mimi ni muuguzi wa zahanati, Temeke. Ni mwaka wa tano sasa mimi ndiye ninayetuma ripoti ya wiki ya magonjwa ya kuambukiza kwa eIDSR, mfumo wa Wizara ya Afya unaotumia simu ya mkononi. Wauguzi wapya huniuliza kama una faida au ni mzigo wa kuongezewa tu. Una faida, tena kubwa.

Hauhitaji simu janja wala bando. Natumia kitochi changu, nabonyeza nyota, namba, reli, najibu ninachoulizwa. Kazi yenyewe iko kabla ya simu. Jumatatu asubuhi, foleni haijajaa, nafungua kitabu namba 5 cha MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya), kile cha wagonjwa wa nje, nashuka na rula mstari kwa mstari kuanzia Jumatatu iliyopita hadi Jumapili. Kila aliyeharisha damu namchorea kijiti kwenye karatasi. Nikikuta mtoto mwenye homa na vipele nasimama: alikuwa na kikohozi, mafua au macho mekundu? Kama ndiyo, huyo anashukiwa surua, na hakupaswa kusubiri Jumatatu. Surua, kipindupindu na mtoto wa chini ya miaka 15 aliyelegea kiungo ghafla huripotiwa papo hapo.

Hapo ndipo mfumo huu uliponishika moyo. Mama mmoja alituletea mtoto anayeburuta mguu. Alikokwenda kwanza walimpa dawa ya maumivu wakamrudisha nyumbani. Nikamuuliza mguu ulilegea lini, tukahesabu siku pamoja: ya kumi na moja. Kupima kama ni polio, sampuli za choo zinatakiwa mbili, zipishane saa 24, zichukuliwe ndani ya siku 14. Nilituma kisa palepale, na mchana ule mratibu wa manispaa akaingia na kasha la barafu mkononi. Sampuli zote mbili ziliwahi. Haikuwa polio. Yule mama nilimkumbatia.

Sasa sifuri. Wiki nyingi kwenye kipindupindu naandika sifuri, na wapo wanaoona kutuma sifuri ni kupoteza muda. Jamani, tuma! Ukinyamaza, manispaa itajuaje kama wagonjwa hawapo au muuguzi yuko likizo? Mtu akinywa maji yenye vimelea vya kipindupindu, huweza kuanza kuharisha baada ya saa chache tu, au siku tano hivi. Agosti 2015 kipindupindu kilianzia Kinondoni, kikasambaa mikoani. Ugonjwa wa namna hiyo huwezi kuungojea kwa ripoti ya mwezi.

Usumbufu upo. Mvua ikinyesha, mtandao wa laini yangu hukatika katikati ya kujaza, unaanza upya. Siku moja nilirudia mara nne. Ndiyo maana naandika namba zote kwenye karatasi kwanza, kisha nazisoma tu. Na kuna jambo linaloniuma zaidi: kituo nilichokuwa zamani tulituma namba kila wiki, na hakuna aliyetuonyesha zinasema nini. Mtu anachoka kutuma kitu asichokiona tena.

Hapa nimejitengenezea mwenyewe. Nyuma ya mlango wa chumba cha sindano nimebandika karatasi ya grafu, na kila Jumatatu naweka nukta moja ya idadi ya watoto wa chini ya miaka mitano walioharisha. Mwaka huu mstari ulianza kunyanyuka wiki ya 14, masika yalipokolea. Nilimwita mganga mfawidhi tukasimama wote mbele ya ule mlango. Siku hiyohiyo aliagiza ORS na zinki za ziada, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii akaenda na vidonge vya kutibu maji kwenye nyumba zinazochota kisima cha bondeni. Wiki ya 17 nukta ilishuka.