Nilimpeleka dogo Arusha akapimwe, lengo langu waniambie anadeka

Sijaona mtu kaandika kuhusu hizi huduma za kupima usonji (autism, hali ya tangu utotoni inayomfanya mtu aelewe na aongee na watu tofauti na wengine) kwa watu wazima huku kwetu kaskazini, basi acha niandike mimi, stori ni ndefu kidogo mnivumilie. Jina la ofisi silitaji maana kuna vitu navilalamikia humu ndani na sitaki kesi na mtu. Ni mwanasaikolojia binafsi, Arusha mjini, ghorofa ya pili, na mwenye shida kweli akiulizia hatakosa wa kumwelekeza.

Mdogo wangu anatengeneza simu na laptop, ana kibanda karibu na stendi hapa Moshi. Kwa kazi hana mpinzani, shida yake ni binadamu. Ukimwambia "habari za nyumbani", wakati sisi wengine tunajibu nzuri hata kama nyumba inaungua, yeye anakupa habari zenyewe: mzee presha ilipanda juzi, mbuzi mmoja kafa, umeme hatuna tangu Jumanne saa tisa. Ukimkaribisha chakula kwa adabu tu huku unajua sufuria limebaki ukoko, ananawa mikono anakaa. Mteja akisema "kesho nakuja kuchukua" dogo haendi hata kula mchana, anamsubiri, sasa yule mteja akitokea wiki mbili baadaye anaulizwa mbele za watu kwa nini alidanganya. Na ile "nipo njiani" ya mtu ambaye bado yuko bafuni ndo kabisaaa, inamuumiza kama umemtukania mama.

Haya yote tulishayazoea, tunasema ndo alivyo. Kimbembe kilianza kwenye kikao cha harusi ya binamu yetu. Spika zikapiga ule mluzi wake wa kutoboa masikio, dogo akaziba masikio akatoka nje moja kwa moja, akawaruka wazee wa upande wa pili bila hata samahani, na ahadi yake ya mchango hajasoma. Aliporudi mwenyekiti akamsimamisha ajieleze hiyo dharau ni ya nini. Akasema, "Sina dharau, nina Asperger," akakaa.

Aisee. Hiyo Asperger ni jina la zamani la usonji wa mtu anayeongea na kusoma kama kawaida. Mpaka Jumapili Soweto nzima, mtaa wetu hapa Moshi, inajua, na hakuna hata mmoja aliyeamini. Wakampa jina, Musk wa Soweto, kwa sababu Elon Musk alisema hivyo hivyo Mei 2021 kwenye kipindi cha vichekesho cha Marekani, na yeye huko kwao walimbishia kwamba hakuna karatasi ya daktari iliyoonekana, mama yake mwenyewe alishasema utotoni hakuwahi kupimwa. Sasa kama tajiri wa dunia anabishiwa fundi simu wa Moshi ni nani? Bamdogo alisema neno ambalo lilichekesha kikao kizima ila mimi mpaka leo nalifikiria, alisema hiyo kitu ni ya matajiri, maskini akiwa nayo anaitwa mkorofi.

Basi ikawa kila mtu ana "mbona" yake. Mbona alipata divisheni wani, mbona anaendesha pikipiki, mbona anacheka akiangalia mpira. Shangazi yeye: huyu nimembeba mgongoni, alikuwa mzima kabisa. Na mimi nikiwemo, tena sio kidogo, mimi nilisema kasoma vitu kwenye simu za wateja akachagua kaugonjwa kazuri ka kumwondolea michango.

Krismasi tumepanda wote nyumbani Kibosho, mbuzi kachinjwa, mbege ipo, na ishu ya dogo ikawekwa mezani kama shamba la urithi. Mzee akakata shauri, apelekwe apimwe tujue moja. Nikadakia haraka sana kwamba gharama ni juu yangu. Watu wakanisifia eti kaka mkubwa wa kweli. Hawakujua nilikuwa nanunua karatasi ya kumfunga mdomo.

Sasa huduma yenyewe. Bei laki tatu na nusu, siku tatu tofauti, keshi, bima yangu pale haikufua dafu. Ni hela nyingi, tusidanganyane. Kuweka nafasi kwa simu ilikuwa rahisi, ila hawakutueleza chochote cha kujiandaa nacho, matokeo yake mama alimkataza dogo asinywe hata chai ya rangi akijua wanaenda kutoa damu. Hakuna damu jamani, wala picha ya kichwa. Hiki kitu hakionekani kwenye mashine, wanaangalia mtu anavyoongea na anavyoishi, na wanauliza historia tangu mtoto. Kwa hiyo kunyweni chai, na mkiweza nendeni na mama mzazi au yeyote aliyemlea, hilo pia hawakusema, sisi mama alikuja kwa sababu tu hakuamini tutarudi na majibu kamili.

Kilomita 80 za coaster, trafiki kila kona kuanzia Boma mpaka Tengeru, sina la kuongeza.

Chumba cha kusubiria nawapa sifuri. Ofisi inapokea watu ambao kelele na mwanga vinawatesa, halafu ukutani kuna TV inapiga bongo muvi sauti ya mwisho, na juu kuna tyubulaiti inayocheza cheza kama disko. Nikamwomba dada wa mapokezi apunguze, akasema rimoti imepotea, kwa upole kabisa, na akaendelea kuangalia muvi. Dogo akaenda kukaa kwenye ngazi. Miadi ilikuwa saa nne, daktari "yupo njiani". Aliingia saa tano na dakika 35. Najua kwa sababu dogo alimtajia mwenyewe, ndo ilikuwa salamu yake ya kwanza: "Shikamoo, umechelewa dakika 95 na hukuwa njiani." Nilitamani ardhi inimeze. Mama wa watu hakukasirika, akasema ni kweli, nilikuwa benki, nisamehe. Hapo akanishika kidogo. Na akatusahihisha tusimwite daktari, yeye hatoi dawa, ila mama yetu aliendelea kumwita daktari mpaka siku ya mwisho.

Siku ya kwanza wakampa fomu ya maswali 50, ilitungwa Cambridge kule Uingereza mwaka 2001 na kina Simon Baron-Cohen, watafiti wa usonji, hapa wameitafsiri Kiswahili. Tafsiri inaeleweka ila maisha yaliyomo sio yetu. Kuna swali linakupambanisha ukumbi wa maigizo na makumbusho, ungependa kwenda wapi. Dogo akagoma kujibu. Makumbusho yapi, ya Azimio au yale ya Boma la Wajerumani? Maana haya ni ya siasa na yale ni ya viumbe, na ukumbi wa maigizo Arusha uko wapi kwanza? Dakika kama kumi tuko kwenye swali moja. Mimi nacheka, nikijua hii ndo dalili ya mtu anayetafuta sababu, kumbe yule mama anaandika tu. Baadaye alinieleza kwamba fomu ile haitoi jibu peke yake, ni ya kuchuja tu, na kugoma kwake kulimwambia zaidi kuliko angeweka tiki.

Kitu kingine nilichompendea hakukariri vitabu vya Wazungu. Mimi nilishasoma kwamba hawa watu hawakutazami machoni, nikajitia ujuaji nikamwambia mbona hata mimi simtazami baba yangu machoni? Akasema ndo maana hiyo haihesabiwi hapa kama inavyohesabiwa huko, mtoto wa Kichaga kafundishwa kuangalia chini mbele ya mkubwa. Akasema anaangalia zaidi kama mtu anajua mwenzake kachoka na maongezi. Dogo hajui. Dogo anaweza kukueleza betri ya simu mpaka ukasinzia, na ukisinzia anasubiri uamke aendelee.

Siku ya pili ilikuwa ya mama, na hiyo ndo iliyonimaliza. Saa mbili nzima anaulizwa mambo ya dogo akiwa na miaka minne, mitano. Mama anaongea kama anachambua mchele. Vifuniko vya sufuria, anavizungusha sakafuni mchana kutwa. Uji ukiwa na donge moja tu hali siku nzima. Namba za mabasi zote za stendi kichwani kabla hajajua kuandika. Halafu mama akasema, na siku ile ya darasa la kwanza mnaikumbuka. Mimi nilikuwa naikumbuka. Mwalimu aliwaambia msitoke mpaka niwaambie, akaitwa ofisini, kengele ikapigwa, wenzake wakaondoka zao. Mimi ndo nilitumwa kumtafuta. Nilimkuta saa kumi na moja jioni, darasa tupu, amekaa kwenye dawati lake, kaptura imelowa, anasubiri. Nikamcheka njia nzima mpaka nyumbani na kesho yake nikawasimulia watoto wa mtaa. Mama hakumwambia yule mama sehemu hiyo ya mwisho, sijui kama anaijua. Dogo alikuwepo pale pale. Alisema tu, "Hakuniambia nitoke."

Siku ya tatu ni majibu. Ni usonji, usioambatana na ulemavu wa akili. Mimi nikauliza sasa Asperger je, anayo au hana, maana ndo nilichotumwa na ukoo. Akatueleza vizuri sana: lile jina lilianzia kwa daktari wa Vienna, Hans Asperger, aliyeandika mwaka 1944, likaja kuvumishwa na Lorna Wing wa Uingereza 1981, Wamarekani wakaliingiza kwenye mwongozo wao wa magonjwa ya akili 1994 halafu wakalitoa 2013, na Shirika la Afya Duniani nalo kwenye orodha yake mpya ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022 halimo, yote imeingizwa kwenye usonji. Watu walewale, jina ndo limeondoka.

Maelezo safi, ila hayakuwa kwenye ripoti, na hapa ndo lawama yangu kubwa. Ripoti ni kurasa mbili, Kiingereza kitupu, mama haelewi hata mstari, na neno Asperger halimo popote. Unajua kilichotokea tulipofika Moshi? Bamdogo akaipitia kwa miwani yake, akainua mkono kama kashinda kesi: "Si mmeona! Hata daktari hakuandika!" Yaani karatasi ya laki tatu na nusu ikageuka ushahidi wa upande wa pili.

Nikapiga simu, wakaandika barua ya Kiswahili ya kufafanua, kwa elfu ishirini nyingine. Kwa nini mtu alipie kuelewa alichokwisha kukilipia mimi sijui, ila barua ni nzuri na ina muhuri. Muhuri nao wakaugeuza geuza, shangazi akasema mihuri siku hizi inachongwa ukisubiri.

Dogo yeye akaona awaeleweshe. Akawapa kisa cha Gary McKinnon, yule Mwingereza aliyeingia kwenye kompyuta za jeshi la Marekani 2001 na 2002, mwaka 2008 akapimwa na huyo huyo Baron-Cohen akakutwa na Asperger, watu wakasema ameipata baada ya kukamatwa ili asipelekwe Marekani, na kweli 2012 serikali yao ikakataa kumpeleka. Dogo alitaka kuonyesha kwamba mtu anaweza kuwa nayo miaka yote na asijue mpaka shida imkute. Wao walichosikia ni kwamba hiki kitu kinaokoa watu na kesi. Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Akaniuliza kwa sauti kwa nini namkanyaga.

Na bado. Aliporudi kusoma zaidi akakutana na habari za huyo Asperger mwenyewe, kwamba mwaka 2018 mwanahistoria Herwig Czech alitoa nyaraka za Vienna zinazoonyesha alishirikiana na utawala wa Kinazi, akawapeleka watoto kwenye kituo cha Am Spiegelgrund ambako watoto waliuawa. Dogo akaacha kulitumia hilo jina siku hiyo hiyo, sasa hivi anasema usonji. Mtaani wanasema amekana.

Kwa hiyo ukiniuliza nirudie kulipa, nitalipa, kazi ya yule mama ni ya uhakika. Ila kama unampeleka mtu ili ukoo unyamaze, nunua mbuzi. Pigeni simu asubuhi muulize kama yeye mwenyewe keshafika ofisini, sio kama yuko njiani. Barua ya Kiswahili iombeni ndani ya ile bei kabla hamjalipa. Ukiwa na mtu wa kelele beba earphone, na ngazini kuna kivuli kizuri tu.

Mimi nimewapa nyota nne. Nimemuuliza dogo angewapa ngapi, hakutaka nyota, anasema tano hazitoshi kupima, katoa sita na nusu kwa kumi: kakata mbili za njiani, moja ya taa, nusu ya makumbusho. Rimoti hajaikatia kwa sababu kupotea inaweza kweli kupotea. Na ngazi ziko 31, ya mwisho fupi kuliko zingine, ila hiyo anasema ni ya mwenye nyumba.