Kiti cha Kulia cha Caravan: Kazi ya Kwanza ya Rubani Uganda Imepimwa

Kijana anayetoka chuo cha urubani Soroti au Kajjansi na leseni ya urubani wa kibiashara mkononi huwa na saa 200 hivi za kuruka. Leseni ni halali, ila waajiri wengi wananunua saa, na 200 ni chache. Ndege kubwa zinamtaka aelekee kwenye 1,500, kiwango cha leseni ya juu kabisa, ATPL. Kwa wengi hapa Uganda njia ya kufika huko inapita kwenye kiti kimoja: kile cha upande wa kulia, cha rubani msaidizi, ndani ya Cessna 208B Grand Caravan, ile ndege ya propela moja inayopeleka watalii Kihihi, Kasese, Pakuba, Kisoro na Kidepo. Kiti hicho ndicho kinachopimwa hapa, kama mtu anavyozunguka gari la mtumba kabla ya kutoa pesa.

Kwa kujifunza kuruka, ni kiti bora. Kwa kuhesabu saa, kina tundu ambalo wengi hawalioni mpaka wamekikalia miaka miwili.

Tundu lenyewe ni hili. Caravan imethibitishwa kurushwa na rubani mmoja. Kiambatisho cha Kwanza cha Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, kinasema rubani msaidizi kwenye ndege ya namna hiyo, pale nchi inapotaka awepo, anahesabiwa si zaidi ya nusu ya saa zake kuelekea leseni ya juu. Kuzihesabu zote kunaruhusiwa tu ikiwa ndege ina vifaa vya rubani wa pili na inaendeshwa kwa utaratibu wa marubani wawili. Piga hesabu. Una 200, unaongeza 600 za kiti cha kulia. Machoni pa mjomba una 800. Kwa kanuni ya nusu una 500. Kufika 1,500 kwa njia hiyo peke yake ni saa 2,600 za kukaa kulia.

Kwa hiyo swali la kwanza kwenye usaili lisiwe mshahara. Uliza kama kampuni imeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, UCAA, kuendesha Caravan kwa marubani wawili, na kama mwongozo wake wa uendeshaji unataja kazi za rubani msaidizi hatua kwa hatua. Omba uonyeshwe ukurasa. Kampuni iliyojipanga inaufungua papo hapo. Ukijibiwa "hilo tutaliona ukishaanza", jihesabie nusu tangu siku hiyo.

Logi buku, daftari la saa zako, nayo ina maradhi yake. Jaza kila safari siku ileile: tarehe, usajili wa ndege unaoanza na 5X, kiwanja ulichotoka na ulichofika, jina la kapteni, na saa kwenye safu sahihi. Kuandika saa za usaidizi kwenye safu ya rubani mkuu ni kosa linalogunduliwa kirahisi, kwa sababu mkaguzi analinganisha na karatasi za kiufundi za ndege. Kila mwisho wa mwezi mpe kapteni au ofisi ya operesheni atie saini. Saini za mwaka mzima zilizopigwa kwa kalamu moja, siku moja, zinamfanya mkaguzi avue miwani na kuanza kusoma upya.

Tena kuna usiku. ATPL inadai saa 100 za usiku na 75 za kuruka kwa vifaa, yaani kwa kusoma geji bila kutegemea kuona nje, na kati ya hizo 75, zisizozidi 30 zinaweza kutoka kwenye simuleta, mashine ya kuigiza ndege ardhini. Viwanja vya mbugani havina taa. Kazi inaanza alfajiri na kufungwa kabla ya giza. Mtu anaweza kumaliza miaka mitatu ana saa nyingi za jua na hana hata 20 za usiku. Uliza kama kampuni ina safari za kurudi Entebbe jioni au za mizigo, na zinagawanywaje. Zikiwa ni za makapteni tu, weka bajeti ya kununua saa za usiku mwenyewe.

Kazi yenyewe sasa. Anayedhani rubani anafika na begi lake na kofia ataona ajabu. Msaidizi ndiye anayetoa vifuniko vya injini na vya bomba la pito linalopima kasi, anachuja mafuta kuangalia maji, anapima mizigo na kuipanga. Abiria wa mbugani huruhusiwa kilo 15 kila mmoja, kwenye mifuko laini, na kila siku yupo mwenye sanduku gumu la kilo 23 na maelezo marefu. Ukimhurumia, uzito unaenda nyuma, na Caravan ina tabia ya kukaa mkia ikipakiwa vibaya. Ndiyo maana kuna kigogo cha kuegemeza mkia wakati wa kupakia. Kigogo hicho kitolewe kabla ya kuwasha, na aliyekitoa amwambie mwenzake kwa mdomo.

Kuwasha PT6, injini ya Caravan, ndiko kunakomtofautisha msaidizi mwenye thamani na abiria mwenye sare. Betri iwe na volti 24 au zaidi. Acha mzunguko wa injini ufike asilimia 12 ndipo ufungue mafuta, kisha macho yabaki kwenye geji ya joto: kikomo wakati wa kuwasha ni nyuzi 1,090 kwa sekunde mbili tu. Betri dhaifu inazungusha polepole, hewa inakuwa kidogo, mafuta yanawaka bila kupozwa, joto linaruka. Anayesubiri aone itaishia wapi ameshachelewa. Kata mafuta, endelea kuzungusha, andika kwenye karatasi ya kiufundi.

Kwenye kiwanja cha vumbi kuna mpini wa kuchepusha uchafu usiingie kwenye injini. Ukiuvuta injini inalindwa, lakini nguvu inapungua, na upungufu huo unauma zaidi milimani. Kisoro iko futi 6,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Mchana wenye joto la nyuzi 25, hewa inakuwa nyepesi kana kwamba uko karibu futi 8,800. Mbio za kupaa zinarefuka na kupanda kunakuwa kwa kuvuta miguu. Ndiyo maana makapteni wazuri hupanga Kisoro asubuhi na kuacha mafuta yasiyohitajika Entebbe. Uliza pia kampuni ina Caravan zipi: Grand Caravan za kabla ya toleo la EX zina nguvu farasi 675, EX ina 867, na tofauti hiyo utaijua Kisoro siku ya kwanza.

Malipo hayapendezi mwanzoni. Kwa kawaida ni mshahara wa msingi mdogo na posho ya kila saa unayoruka, na hapo ndipo msimu unapokushika. Watalii wanajaa Juni hadi Septemba, na tena Desemba hadi Februari. Aprili, Mei na Novemba mvua inanyesha, ndege zinalala, posho inalala nazo. Pangilia kodi ya nyumba kwa mshahara wa msingi, usihesabu posho. Maombi ya kazi nayo yafuate msimu: Machi na Aprili kampuni zinajua zitahitaji watu wangapi Juni. Barua ya Julai inafika wakati viti vimeshakaliwa.

Mkataba usomwe kwenye sehemu ya dhamana ya mafunzo. Kampuni ikikulipia mafunzo ya Caravan, ni haki ikufunge kwa muda. Deni lipungue kila mwezi unaofanya kazi. Likibaki palepale hadi siku ya mwisho, hiyo ni minyororo. Na anayekutaka ulipe wewe ili ukae kiti cha kulia anakuuzia saa ambazo, kama tulivyoona, huenda ni nusu.

Je, jeti? Uganda Airlines ilirudi angani Agosti 2019 na jeti ndogo za CRJ900, baadaye ikaongeza Airbus A330-800 mbili. Kwa CRJ nne, viti vya marubani vinahesabika, na kila kimoja kinadai mafunzo ya aina hiyo ya ndege kwenye simuleta. Kujilipia mafunzo ya CRJ bila barua ya ajira ni kamari mbaya, hasa kwa kuwa ndege hizo hazitengenezwi tena na soko lake halipanuki. Kuvuka mpaka kwenda kiwanja cha Wilson, Nairobi, kunawezekana, lakini leseni ya Uganda haikupeleki moja kwa moja: unahitaji uthibitisho wa mamlaka ya huko na kibali cha kazi, ingawa kanuni za nchi za Jumuiya zimesogezwa zifanane.

Mshindani halisi wa kiti hiki ni ualimu wa urubani. Watu wanaudharau kwa sababu ni kuzunguka kiwanja kilekile na mwanafunzi anayetua kama gunia. Lakini saa ya mwalimu ni saa ya rubani mkuu, nzima, na ATPL inataka 250 za namna hiyo, au 500 za urubani mkuu chini ya usimamizi. Kama kampuni ya Caravan haina kibali cha marubani wawili na chuo kinakupa nafasi ya ualimu, nenda chuoni kwanza, jaza 500 au 600, kisha rudi mbugani uombe kiti cha kushoto, cha kapteni.

Alama: 8 kati ya 10 penye kibali na zamu za usiku. Pasipo navyo, 4, na moja kati ya hizo ni ya mandhari ya Kidepo.