Stering Akiota Mvi: Gemu Zilizozeesha Mashujaa Wao, na Zipi za Kununua

Kwenye sinema za zamani sheria ilikuwa moja: stering hafi. Gemu zikaongeza ya pili, kwamba stering hazeeki. Mario alianza kuruka mapipa mwaka 1981 na hadi leo sharubu zake hazina unywele mweupe hata mmoja. Ila kuna mifululizo michache iliyoamua kuiacha saa itembee, na hiyo ndiyo tunayoipima hapa kwa jicho la mchezaji wa Amu, yaani Lamu: anayecheza kwenye banda la gemu mtaani Langoni, au nyumbani kwa PS4 (PlayStation 4) ya mtumba, na ambaye diski yake imepanda basi mpaka Mokowe kisha ikavuka kwa boti. Diski iliyosafiri hivyo hairudishwi dukani kirahisi, kwa hiyo bora ujue unanunua nini.

Kipimo chetu ni kimoja tu. Ndevu nyeupe ni rangi, na kuchora makunyanzi si kazi kubwa. Tunauliza kama uzee umefika kwenye pedi. Kidole kikibonyeza, je, kuna kitu kimebadilika?

Tuanze na Tekken, gemu ya ngumi na mateke, kwa kuwa ndiyo ambayo wengi wameishika. Tekken 3, iliyoingia PS1 mwaka 1998, iliruka miaka 19 kutoka gemu ya pili. Paul Phoenix, aliyekuwa na miaka 25 kwenye ile ya kwanza, akawa na 46. Heihachi akafika 73. Jin, mtoto wa Kazuya mpiganaji wa gemu za mwanzo, akaibuka kijana tayari. Waandishi wakabaki na shida ya dada wawili, Nina na Anna: nani atakubali kuwaona wamechakaa? Wakawatia kwenye usingizi wa barafu kwa miaka yote hiyo, wakawaamsha na ngozi ileile. Ujanja huo haumfichi mtu. Wanaume wameachiwa wazeeke, wanawake wamewekwa friji.

Lakini shika pedi. Ngumi kubwa ya Paul ni chini, kona ya chini-mbele, mbele, kisha pembetatu. Ilikuwa hivyo wakati ule, na kwenye Tekken 8 ya Januari 2024 ni hivyohivyo. Kwa kipimo chetu Tekken ingefeli, ila hapa tunailegezea, maana mkono unaokumbuka ile ngumi ni wa mchezaji. Aliyeijua akiwa darasa la tano leo ana mtoto wa darasa la tano, na wote wawili wanaweza kukaa kwenye benchi moja wakapigana bila mmoja kumfundisha mwenziwe upya. Ukiibadilisha, umemnyang'anya mteja wako wa miaka 25.

Walichokosea ni kubadilisha majina. Tekken 3 ilimwondoa Marshall Law ikamleta mwanawe Forest, mwenye mapigo karibu yaleyale. Kwenye Tekken 4 baba akarudi. Street Fighter III ya 1997, nayo gemu ya kupigana, iliteleza palepale, tena vibaya zaidi: ilianza kwa kuwafagia karibu wakongwe wote wakabaki Ryu na Ken, na ilipofika 1999 ilibidi Chun-Li aitwe tena. Street Fighter 6 ya 2023 imetulia: Ryu ana ndevu na joho, wageni wako wengi, na hakuna mzee aliyefukuzwa ili kijana apate kiti. Kwa mnunuzi, jambo moja la kukumbuka: Tekken 8 haipo kwa PS4. Mwenye PS4 anaishia Tekken 7, muuzaji akisema vinginevyo msikilize tu kwa adabu.

Sasa God of War, na hapa tukae kidogo.

Kratos, shujaa wa gemu hiyo, alikuwa na kitufe cha kuruka mwaka 2005 kwenye PS2. X ilimrusha, X mara mbili ikamrusha juu zaidi. Mraba ni pigo jepesi, pembetatu ni zito, na kijiti cha kulia ni cha kukwepa, kwa sababu kamera ilikuwa mbali na ilijiendesha yenyewe. Kratos wa 2018 haruki. Hakuna kitufe cha kuruka kabisa. Atavuka ufa pale tu gemu yenyewe imepanga avuke. X sasa ni kukwepa, ukiibonyeza mara mbili anabiringika. Mapigo yamehamia R1 na R2, vitufe vya ncha ya pedi upande wa kulia. Mraba si mkono wake tena: ukiubonyeza, mwanawe Atreus ndiye anayerusha mshale.

Hapo ndipo wengi hukwama saa ya kwanza. Mtu aliyezoea ile ya zamani anavamiwa, anafinya mraba kwa hasira, na badala ya baba kupiga, mtoto anatupa mshale mmoja na kusubiri. Kratos amesimama kama mlingoti. Dawa ni kukaa pale mwanzoni na mti na adui mmoja mpaka kidole cha shahada kijifunze R1, kisha zoea mfuatano wa shoka: L2 (ncha ya kushoto) kulenga, R2 kurusha, pembetatu kuliita lirudi. Likiwa njiani kurudi linakata pia, kwa hiyo jipange ili adui awe kati yako na shoka.

Kamera nayo imesogea mpaka begani. Huoni nyuma. Kijana wa zamani alikuwa anaona uwanja mzima. Mzee huyu anategemea kuambiwa. Kuna vishale vidogo vinavyomzunguka: cheupe, adui yuko karibu, chekundu, anakuja kupiga, cha zambarau, kitu kimerushwa kutoka mbali. Mtoto naye anapiga kelele kumwonya baba. Ukibonyeza chini kwenye vitufe vya msalaba, Kratos anageuka nyuma mara moja. Ukicheza bila kuvitazama vishale hivyo utapigwa kisogoni na kulaumu pedi. Huu ndio uzee uliofika kidoleni: mwili mzito, macho machache, na mtoto aliyegeuka kuwa nusu ya nguvu zako.

Mikono yake imefungwa vitambaa mwanzo hadi katikati ya hadithi. Chini yake kuna makovu ya minyororo ya zile panga za ujana. Shoka lake ni la barafu na halifui dafu kwenye nchi ya wafu yenye baridi, kwa hiyo anarudi nyumbani, anafukua sakafu, anazitoa panga, anavifungua vitambaa. Kitendo chote hakina maneno mengi. Na ukizishika panga hizo, zinazunguka kwa upana kama zamani. Vidole vya aliyecheza PS2 vinazitambua kabla macho hayajamaliza kutazama.

Kasoro zake: maandishi ya diski ya mwanzo ni madogo mno kwa TV ya inchi 24 iliyopachikwa juu ya ukuta wa banda. Sehemu ya kuyakuza iliongezwa baadaye kupitia intaneti, kwa hiyo mashine isiyowahi kuunganishwa haitakuwa nayo. Mwendelezo wake, Ragnarök ya 2022, kwa PS4 una diski mbili, moja ya kupakia na moja ya kuchezea. Ukinunua mtumba fungua kava uhesabu. Humo utamwongoza Atreus mwenyewe, mwepesi na mwenye upinde, na ukirudishwa kwa baba unausikia uzito wake mguuni. Nyongeza ya Valhalla, iliyotoka Desemba 2023 bila malipo, inamkalisha mzee huyo mbele ya matendo ya ujana wake. Kwa maoni yetu ndiyo sehemu iliyoandikwa vizuri kuliko zote, na wengi hawajaicheza kwa vile tu hawana bando la kuipakua.

Kwa wenye PS3 iliyosalia, Metal Gear Solid 4 ya 2008 ndiyo iliyokwenda mbali zaidi kuliko gemu yoyote. Shujaa wake, Snake, ana miaka arobaini na kitu lakini mwili ni wa mzee aliyechakaa, kwa sababu alitengenezwa kwa chembe za mtu mwingine na chembe hizo zikapangiwa kuchakaa mapema. Mwache achuchumae nyuma ya ukuta kwa muda, kisha msimamishe: atashika mgongo aukande. Mzee yeyote wa Mkunguni akiinuka kwenye bao baada ya mchezo mrefu anafanya vilevile, mkono kiunoni, na hakuna anayemcheka.

Chini ya mstari wa damu kuna mstari wa pili, wa utulivu wa moyo. Milio ya vita, joto, harufu mbaya na kusakwa na maadui vinaushusha. Ukishuka sana, mikono inatetemeka wakati wa kulenga, damu inachelewa kupanda, na mgongo unauma mara kwa mara. Namna ya kuurudisha: mtoe kwenye vita, mlaze chini mahali pasipo na kelele, mbandike kitambaa cha dawa ya misuli, au mpe muziki kwenye iPod yake. Sigara inaupandisha pia, ila damu inapungua anapovuta, kwa hiyo usimwashie akiwa amejeruhiwa.

Hapa kuna kosa la kawaida visiwani. Mchezaji anaona shabaha inayumba, anasema Snake amezeeka, kumbe pedi ndiyo imezeeka. Ndani ya kijiti kuna vipande vidogo vya mkaa vinavyosuguliwa kila ukikisogeza. Vinalika, na vumbi pamoja na hewa ya chumvi huharakisha kazi hiyo. Tofauti ni rahisi kuijua. Mkono wa Snake hutetemeka huku na huku. Pedi mbovu huvuta upande mmoja tu, daima uleule, hata ukiwa umetoa kidole. Ikivuta upande mmoja, mpe fundi akusafishie kijiti au akibadilishe. Muziki wa iPod hautakusaidia.

Onyo kwa wanaolipia kwa saa: gemu hii hujipakia kwenye mashine mwanzoni kwa dakika kadhaa, kisha kila sura mpya ikianza inajipakia tena, na picha zake za hadithi ni ndefu kupita kiasi. Unaweza kulipa, ukatazama, muda ukaisha, ukaondoka hujagusa pedi. Ni gemu ya nyumbani, usiku, stima ikiwa imetulia.

Mfululizo wa Yakuza una saa inayokaribiana na yetu. Shujaa wake, Kazuma Kiryu, mhuni wa genge la Kijapani, amezaliwa Juni 1968. Yakuza 0 inamkuta na miaka 20, mwaka 1988. Gemu ya kwanza inaanza akitoka jela mwaka 2005 baada ya miaka kumi. Infinite Wealth ya Januari 2024 inamkuta na 55, nywele zimeingia kijivu, ana saratani, yuko Hawaii. Mtaa wa Kamurocho unaupita tena na tena kwenye gemu nyingi kiasi cha kuujua kona kwa kona, kama unavyojua kila baraza kutoka Mkomani hadi Langoni, na unaona duka lipi limefungwa na nani amehama.

Pedi nayo inahusika. Kwenye Kiwami, iliyotengeneza upya gemu ya kwanza, mtindo wake mkuu wa kupigana umeshika kutu kwa ajili ya jela. Mapigo uliyotegemea kuyakuta hayapo, mpaka upigane na Majima anayekuvizia mitaani na ujifunze tena kwa mwalimu. Usikasirike kwamba Kiryu ni dhaifu, usimkimbie Majima. Kwenye Infinite Wealth anapigana kwa zamu, lakini mstari wake maalumu ukijaa anazivunja zamu na kupiga kwa uhuru kama zamani, kwa muda mfupi, kisha anarudi kwenye foleni. Na nguvu zake zinapanda kwa kutembelea mahali na watu anaowakumbuka. Kukumbuka ndiyo mazoezi yake. Hilo ni wazo zuri sana, na tunalisamehe kwa ajili yake kosa kubwa la mfululizo: Kiryu aliagwa kwa heshima zote mwaka 2016, akapisha, mrithi Ichiban akakabidhiwa gemu mwaka 2020, na bado mzee karudi. Kaaga mlangoni, kabaki barazani. Mwenye kuanza aanze na 0, na ajue kuna kusoma kwingi kwa Kiingereza.

Ezio wa Assassin's Creed tunamtaja kwa bei. Diski moja ya PS4, The Ezio Collection ya 2016, ina gemu tatu: unaanza akiwa mtoto mchanga mwaka 1459, ambapo kila kitufe kinatikisa kiungo kimoja, na unamaliza akiwa na miaka 52 na ndevu za mvi mjini Constantinople. Huko anapewa ndoano ya mkononi, na mzee anapanda kuta haraka kuliko alipokuwa kijana. Kwa kipimo chetu ni kinyumenyume, ila angalau kuna sababu unayoishika. Lara Croft wa Tomb Raider ya 1996 walimrudisha usichana mwaka 2013.

Na wale wa mpira? Wao wanazeesha mashujaa kila msimu bila kelele. Kwenye kazi ya kocha ya FIFA na FC (jina jipya la FIFA), kinachopungua kwanza ni mbio za mchezaji, akishapita miaka thelathini. Muuze kabla namba haijashuka, kwani bei hushuka pamoja nayo, na kumbuka kwamba wewe kocha umepewa misimu 15 tu. PES za PS2, gemu nyingine za mpira, ndizo zilizokuwa na huruma: mchezaji aliyestaafu unamkuta tena sokoni baadaye, jina lilelile, kijana mdogo, na bei yake ya chini.