Riwaya 15 za Dorothy Dunnett: pa kuanzia na pa kuvumilia

Dorothy Dunnett alikuwa ofisa habari kabla ya kuwa mwandishi. Alizaliwa Dunfermline, Scotland, mwaka 1923, na kuanzia 1940 aliajiriwa katika ofisi za habari za serikali. Alichora pia picha za watu. Siku alipomlalamikia mumewe Alastair, mhariri wa gazeti la The Scotsman, kwamba hana tena kitabu cha kusoma, mume akamwambia aandike chake. Wachapishaji wa Uingereza walikikataa. Kikatoka Marekani mwaka 1961, kwa jina The Game of Kings. Alipofariki Novemba 2001, aliacha riwaya 15 za kihistoria, ukiacha zile za upelelezi.

Kazi ya ofisa habari ni kuamua taarifa ipi itoke leo na ipi ibaki kabatini, na riwaya hizi zimejengwa hivyohivyo. Katika The Game of Kings tuko Scotland ya 1547, baada ya Waskoti kushindwa vitani Pinkie. Francis Crawford anarudi nyumbani akiwa na doa la uhaini. Karibu hadithi nzima tunamtazama kwa macho ya kaka yake, mahasimu wake na vijana wanaomfuata, huku anachokiwaza kikifichwa. Msomaji aliyezoea kuelezwa kila kitu hukasirika na kukiweka kitabu chini. Avumilie kama kurasa 100. Mhukumu Crawford kwa anayoyatenda, maana kinywa chake hakiaminiki.

Kikwazo kingine ni nukuu za Kifaransa, Kilatini na Kihispania zisizo na tafsiri. Zipite tu, mara nyingi mhusika anajificha nyuma yake. Kinachofaa kuandikwa pembeni ni majina, kwa sababu mtu yuleyule ni Francis Crawford hapa, Lymond pale, na Master of Culter kwingine. Elspeth Morrison alitoa kitabu cha maelezo mwaka 1994, lakini kifungue ukishamaliza.

Vitabu sita vya Lymond, vinavyoanza na The Game of Kings, ni hadithi moja, kwa hiyo usiruke hata kimoja. Mchezo wa sataranji wa Istanbul katika Pawn in Frankincense, kitabu cha nne, ambamo kete ni watu walio hai, ndio ukurasa mzito kuliko yote aliyoandika. Bila kusoma kitabu cha tatu hutaelewa kwa nini unauma hivyo.

Mfululizo wa pili, House of Niccolò, una vitabu vinane, na hapo ujuzi wake wa habari unaonekana wazi zaidi. Claes, ndiye Niccolò mwenyewe, ni kijana wa kiwanda cha kutia nguo rangi mjini Bruges. Bila shabu, hiihii tunayotulizia maji machafu, rangi haishiki vizuri kwenye sufu, na sehemu kubwa ya shabu ya Ulaya ilitoka nchi zilizokuwa mikononi mwa Waturuki. Mwanzoni mwa miaka ya 1460 machimbo yaligunduliwa Tolfa, katika ardhi ya Papa. Katika riwaya, anayejua mapema hahitaji kuchimba chochote: wenye biashara ya zamani watamlipa anyamaze. Ni nadra riwaya kueleza biashara kwa ufasaha huu.

Scales of Gold kinakwenda Timbuktu, kabla Sonni Ali, mtawala wa Songhai, hajauteka mji huo mwaka 1468. Loppe, Mwafrika tuliyemkuta Ulaya akiwa mtumwa, hapa ni Umar, mtu wa elimu mbele ya wanazuoni wenzake. Dosari ni kwamba safari inarefushwa na Timbuktu inafikiwa kwa kuchelewa, wakati ndiyo sehemu bora.

King Hereafter, cha 1982, kinasimama peke yake. Kinamfanya Thorfinn, mtawala wa visiwa vya Orkney, na Macbeth, mfalme wa Scotland, kuwa mtu mmoja, dai ambalo wanahistoria wengi hawalikubali. Ndicho kigumu kuliko vyote, kiache mwishoni.

Matukio ya Niccolò yanatangulia ya Lymond kwa takriban miaka mia, na wapo wanaoanza huko. Anza na Lymond. Gemini, cha 2000, kitabu cha mwisho cha Niccolò, ndicho kinachounganisha mifululizo hiyo miwili, na asiyeijua familia ya Crawford atazisoma kurasa zake za mwisho bila kujua amepewa nini.